Kumjaribu Mungu na Kujaribu Mambo

Katika Biblia yetu ya Kiswahili neno moja linafanya kazi mbili. Ibilisi alipomsimamisha Yesu juu ya kinara cha hekalu na kumtaka ajitupe chini, Bwana alimjibu kwa Torati kwamba mtu asimjaribu Mungu (Mathayo 4:7). Mtume Paulo naye, akiwaandikia Wathesalonike habari za unabii, anawaagiza wayajaribu mambo yote na kulishika lililo jema (1 Wathesalonike 5:21). Kwa hiyo kuna kujaribu kulikokatazwa na kuna kujaribu kulikoamriwa. Katika Kiyunani cha Agano Jipya haya ni maneno mawili. La kwanza ni kumtega mwingine ili alazimike kujithibitisha mbele yetu. La pili lilitumika pia kwa kupima madini na sarafu, ili ijulikane ipi ni fedha safi na ipi imechanganywa. Msharika anayesoma Kiswahili hawezi kuiona tofauti hiyo kwa macho, na ndiyo maana wengi wetu tumeogopa kujaribu chochote, tukidhani tunamjaribu Mungu.

Hapa Mbugani, na katika vijiji vyote vya kaskazini mwa Ziwa Nyasa, jambo hili si la darasani. Tunaishi mahali penye mvua nyingi, mito inayofurika na mbu wasiokosa. Tunauguliwa na malaria, na watu wetu wengi wanaishi na virusi vya UKIMWI, kisukari na shinikizo la damu. Palipo na ugonjwa mwingi huja pia dawa nyingi: chupa ya maji yaliyoombewa, mafuta, unga wa mizizi, na mtu anayesimama mbele ya watu na kusema, “Mimi nilitumia, nikapona.” Je, tukiuliza kama ni kweli, tumekosa imani? Swali hili linagusa uhai wa watu, kwa hiyo linatupasa kulijibu kwa makini.

Taifa zima lilikutana nalo mwaka 2011. Katika kijiji cha Samunge, Loliondo, wilayani Ngorongoro, mchungaji mstaafu wa kanisa letu la KKKT, Ambilikile Mwasapile, aliyejulikana kote kwa jina la Babu, alitoa kinywaji cha mizizi ya mti uitwao mugariga. Alisema Mungu alimwonyesha dawa hiyo, na kwamba kikombe kimoja kinaponya magonjwa sugu, UKIMWI na kisukari yakiwamo. Bei ilikuwa shilingi 500. Magari yalipanga foleni kwa kilomita nyingi, watu walikuja kutoka pande zote za Tanzania na nchi jirani, na baadhi ya wagonjwa walifariki wakiwa safarini au kwenye foleni. Vikombe vingine vikazuka mikoani, hata kwetu Mbeya.

Hatuandiki ili kumhukumu mzee yule, ambaye ameshalala tangu 2021. Bei yake haikuwa ya mtu anayetafuta utajiri kwa mgonjwa mmoja mmoja, na hatuna haki ya kuupima moyo wake. Tunachotaka kuangalia ni namna sisi tulivyoamua. Tuliamua kwa ushuhuda. Aliyerudi akiwa na nguvu alisimulia, na aliyesikia akapanda gari. Wataalamu wa serikali walipoeleza kwamba kinywaji kwa kipimo kile hakina madhara, wengi walisikia kwamba kinaponya. Lakini hayo ni maswali mawili. Uji pia hauna madhara, wala hauponyi kisukari.

Tuangalie sasa kasoro ya kuamua kwa ushuhuda peke yake. Katika Luka 17 watu kumi wenye ukoma walimlilia Yesu, naye akawatuma kwa makuhani. Mmoja alirudi kushukuru, na Bwana akaulizia habari za wale tisa. Katika Injili hiyo wote kumi walitakaswa, na lawama juu ya tisa ni ya kutoshukuru. Lakini tusipite haraka: Bwana alijua walikuwa kumi, akawahesabu. Sisi katika mikutano yetu humsikiliza aliyerudi, tukapiga vigelegele, wala hatuulizi walikwenda wangapi. Aliyekunywa kikombe na kufariki baada ya miezi mitatu hapandi madhabahuni kushuhudia. Aliyekunywa na kubaki kama alivyokuwa hukaa kimya kwa aibu, akidhani imani yake ndiyo iliyopungua. Kwa hiyo hata dawa isiyofanya kazi yoyote itakuwa na mashahidi wazuri siku zote, kwa sababu wanaoikanusha hawapo au hawana sauti.

Kuna jambo la pili. Magonjwa mengi hupanda na kushuka yenyewe. Mtu humkimbilia mponyaji siku ile maumivu yamefika juu kabisa, na mara nyingi baada ya kilele kuna nafuu, awe amekunywa kitu au hakunywa. Kile alichotumia siku ile ndicho hupewa sifa. Shahidi hasemi uongo. Ameona nafuu kweli, ila hawezi kujua kwa nafsi yake nini kingetokea kama asingetumia.

Hapo ndipo penye kiini cha njia ya sayansi, na mkulima wa Kyela anaweza kuielewa kuliko mtu mwingine. Tuseme imekuja mbegu mpya ya mpunga. Mkulima anaipanda karibu na mto, mahali ambapo mafuriko ya Mbaka au Lufilyo yameacha udongo mpya, na mbegu ya zamani anaiacha juu, kwenye ardhi iliyochoka. Akivuna magunia mengi kando ya mto, amejifunza nini? Pengine mbegu ni nzuri, au ni udongo, au ni vyote viwili. Na kama mwaka uliopita alipanda mbegu ya zamani na mwaka huu amepanda mpya, mvua za miaka hiyo miwili hazifanani. Hana jibu, ingawa ana magunia ghalani.

Akitaka jibu, kwanza aweke swali wazi kabla ya kupanda: mbegu hii itatoa mavuno zaidi kuliko ya zamani katika shamba langu. Hiyo ndiyo dhana, na dhana njema ni ile inayoweza kushindwa. Kisha alikate shamba moja vipande kumi na viwili vinavyolingana, apande mbegu mpya katika sita na ya zamani katika sita, siku moja, palizi moja, mbolea ileile. Ile sita ya mbegu ya zamani ndiyo inayoitwa kundi la kulinganisha. Bila hiyo hakuna jaribio, kuna matumaini tu. Na vipande vipi vipate mbegu mpya? Asichague mwenyewe, maana mkono wake utaelekea kwenye udongo mzuri hata bila yeye kujua. Apige kura. Ronald Fisher, Mwingereza aliyefanya kazi katika kituo cha utafiti wa kilimo cha Rothamsted miaka ya 1920, ndiye aliyewasisitizia watafiti kanuni hiyo ya kura, na kutoka mashambani ikaingia hospitalini. Kanisa halipaswi kuishangaa. Israeli waligawiwa nchi kwa kura (Hesabu 26:55), na mitume walimpata Mathia kwa kura (Matendo 1:26). Kura ilizuia upendeleo wa wagawaji. Katika utafiti inafanya kazi hiyohiyo.

Biblia ina hata mfano wa kulinganisha. Danieli na wenzake watatu waliomba wapewe mboga na maji kwa siku kumi, kisha nyuso zao zilinganishwe na za vijana wanaokula chakula cha mfalme, na msimamizi aamue kwa jinsi atakavyoona (Danieli 1:12-13). Hatusemi Danieli alikuwa mwanasayansi. Vijana wanne ni wachache mno, na hawakuchaguliwa kwa kura. Tunasema tu kwamba mtu mwenye imani kubwa kuliko yetu hakuona dhambi kuweka muda, kuweka kundi la kulinganisha, na kumwachia mwingine uamuzi. Na Wafilisti, ambao hawakumjua Bwana, walipolirudisha sanduku la agano walitaka kujua kama tauni yao ilitoka kwa Mungu wa Israeli au ilikuwa bahati tu, wakaweka ishara mapema kabla ya kuwaachia ng'ombe njia (1 Samweli 6:7-9). Kutenganisha kazi ya kitu na bahati ndilo swali ambalo mtafiti hujiuliza kila akihesabu matokeo yake. Ndiyo sababu anataka watu wengi, wala si wawili watatu.

Wahenga walisema mwamba ngoma huvutia kwake. Anayeuza dawa huona nafuu palipo na nafuu ndogo, na mgonjwa aliyelipa nauli hutamani kuona nafuu. Kwa hiyo katika majaribio mengi ya dawa, mgonjwa hajui kama amepewa dawa halisi au kidonge kisicho na dawa kinachofanana nayo, na daktari anayempima hajui pia. Siri hiyo si udanganyifu, kwa sababu mgonjwa ameelezwa tangu mwanzo na amekubali. Ni kujifunga macho ili tusijipendelee, kwa maana tunaijua mioyo yetu.

Tuone sasa jaribio lililofanyika katika nchi yetu. Mwaka 1991 watafiti mkoani Mwanza walianza kuuliza kama kutibu vizuri magonjwa mengine ya zinaa kungepunguza maambukizi mapya ya virusi vya UKIMWI. Walichukua jamii kumi na mbili, wakazipanga katika jozi sita zinazofanana, na katika kila jozi jamii moja ikapata huduma iliyoboreshwa katika zahanati na vituo vyake vya afya. Waliwafuatilia watu wazima wapatao 12,000 kwa miaka miwili. Katika jamii zilizopata huduma, walioambukizwa ni asilimia 1.2. Katika zile za kulinganisha ni asilimia 1.9. Maambukizi yalikuwa yamepungua kwa karibu asilimia 40, na habari hiyo ilipochapishwa mwaka 1995 ilisomwa dunia nzima.

Kisha likaja jaribio la Rakai, Uganda, ng'ambo ya Ziwa Viktoria. Huko watu wa kaya zote walipewa dawa za magonjwa ya zinaa kila baada ya miezi kumi, wawe na dalili au wasiwe nazo. Matokeo yalichapishwa mwaka 1999: maambukizi ya virusi hayakupungua. Watafiti hawakuitana waongo. Walikaa wakatazama tofauti. Mwanza ilitibu wenye dalili wakati wote, Rakai ilitibu wote kwa vipindi, na janga lilikuwa limefika hatua tofauti katika sehemu hizo mbili. Hapa kuna fundisho la unyenyekevu. Jibu moja, hata likiwa zuri, hurudiwa na wengine mahali pengine, na likikataa kurudiwa mtafiti hubadili mawazo yake hadharani. Ni mara ngapi tumemsikia mwenye chupa ya mafuta akitangaza kwamba amehesabu, na kwamba haifanyi kazi?

Si kila swali linaweza kujibiwa kwa kura. Hapa Kyela tunalo mfano wa karibu. Kati ya mwaka 2006 na 2011 watafiti wa Mbeya waliwafuatilia wananchi wa wilaya yetu, ambako minyoo ya matende na mabusha ilikuwa imewapata wengi. Waligundua kwamba wenye minyoo hiyo walipata maambukizi mapya ya virusi vya UKIMWI karibu mara mbili ya wasio nayo, na habari hiyo ilichapishwa mwaka 2016. Hakuna aliyeweza kupiga kura nani aumwe na mbu mwenye minyoo. Ingekuwa dhambi. Kwa hiyo walitazama tu yaliyokuwa yakitokea, wakizingatia umri, jinsia na mienendo ya watu ili wasidanganywe na mambo hayo. Utafiti wa kutazama una nguvu pungufu ya ule wa kura, na watafiti waaminifu huusema hivyo: mambo mawili yameonekana kwenda pamoja, na chanzo bado kinachunguzwa. Hata hivyo umetupa sababu nyingine ya kumeza vidonge vya matende vinapogawiwa, badala ya kuvitupa tukidhani vinaletwa ili kutupunguza uzazi.

Mahali hapa kanisa lina neno la kuiambia sayansi pia. Huko Tuskegee, Marekani, kuanzia 1932 hadi 1972, wanaume weusi wapatao 400 wenye kaswende walifuatiliwa bila kutibiwa na bila kuambiwa ukweli, hata baada ya penisilini kujulikana kuwa tiba yake. Waliofanya hivyo walijua kuhesabu. Hawakujua kwamba mbele yao amekaa mtu aliyeumbwa kwa mfano wa Mungu. Siku hizi sheria inadai ridhaa ya mshiriki na kamati ya maadili, na msharika wetu akifuatwa na watafiti ana haki ya kuuliza kila kitu, kukataa, na kujitoa wakati wowote. Kupima bila upendo huua. Na tumeona kwamba upendo usiopima nao unaweza kuua.

Turudi sasa kwenye swali la kwanza. Mtu anaposema, “Kunywa hiki na virusi vitaondoka kwa siku saba,” ametamka jambo juu ya damu ya binadamu. Damu inapimika. Tukipima, aliye kizimbani ni yale maneno yake. Mungu hayumo kizimbani. Neema, msamaha wa dhambi, uwepo wa Kristo katika Meza yake, hayo hayana kundi la kulinganisha, na mtafiti anayedai kuyapima amevuka mpaka wake. Vivyo hivyo mhubiri anayetangaza matokeo ya maabara asiyoyaona amevuka wake. Anayemjaribu Mungu ni yule anayeruka kutoka kinarani, akiacha ngazi iliyopo, ili Mungu alazimike kumdaka. Msharika anayeacha dawa zake za kufubaza virusi, anazopewa bure, ili kuonyesha imani, anafanana na nani? Waliosema usiache mbachao kwa msala upitao walikuwa wamewaona watu wa namna hiyo.

Martin Luther alikabiliwa na jambo hili mwaka 1527, tauni ilipoingia Wittenberg. Yeye hakukimbia, alibaki kuwahudumia wagonjwa. Lakini katika waraka wake juu ya tauni aliwakemea wale waliodharau dawa na tahadhari kwa jina la imani, akisema hao ndio wanaomjaribu Mungu, kwa kuwa Mungu ameumba dawa na ametupa akili ya kuutunza mwili. Katika Katekisimo Ndogo tunakiri kwamba akili na fahamu zetu ni zawadi za Muumba, sawa na macho na masikio. Kuzifunga ibadani na kuzifungua sokoni, tunapohesabu chenji, si heshima kwa aliyetupa.

Wako wanaosema kwamba tukianza kuhoji shuhuda tutazima moyo wa shukrani. Hatuoni hivyo. Ushuhuda ni shukrani, na shukrani haihitaji cheti. Aliyepata nafuu na ashukuru kwa sauti kuu. Ila shukrani ya mmoja isigeuzwe kuwa maagizo ya matibabu kwa mia. Tena yule Msamaria alikuwa njiani kwenda kwa kuhani. Katika Walawi 13 kuhani hutazama ngozi, na asipokuwa na hakika humtenga mtu siku saba, akamtazama tena, na siku saba nyingine. Bwana wetu aliyekuwa na uwezo wote hakuwaambia wale kumi wakwepe kuchunguzwa. Uponyaji wa kweli hauogopi kipimo.

Basi, wapendwa, tufanye nini katika sharika zetu? Anayeletewa dawa mpya, ya asili au ya dukani, aulize bila woga: ni wangapi waliotumia, na siyo wangapi waliopona tu. Walilinganishwa na akina nani? Nani aliyewapima, na anafaidika na nini? Je, wengine wasio na faida wamerudia na kupata jibu lilelile? Asiyeweza kujibu maswali hayo huenda si mwongo, lakini hajui, na asiyejua asipewe mimbari yetu. Mizizi na majani ya wazee wetu tusiyadharau. Yapelekwe kwa wanaojua kupima, kama dawa nyingine yoyote. Na anayesema ameponywa tumwombee kwa furaha, kisha tumsindikize hospitali, Matema, Itete au Kyela mjini, wala asiache kidonge hata kimoja mpaka daktari aseme.

Sisi wachungaji, wainjilisti na wazee wa kanisa tuna kazi moja zaidi. Mara kwa mara tunajua majina ya wale waliokwenda kutafuta uponyaji na hawakurudi kushuhudia. Wengine wako nyumbani, wamelala, wameacha dawa na wanaona haya kurudi kliniki. Tusiwangoje ibadani. Wiki hii tuwafuate, tuketi nao, tusiwaulize imani yao iko wapi. Tuwaulize wanaendeleaje, tuombe pamoja nao, na kesho yake asubuhi twende nao kuzichukua dawa.